Siku Tulipombipu Bosi wa Australia

Nyie vijana mnaonicheka nikimbipu muuza mkaa, simu iite mara moja nikate, hebu sogezeni viti. Najua mna bando la wiki na bando la usiku, mna simu zinazopiga picha mpaka vinyweleo. Hongereni. Lakini juzi binti wa jirani yangu hapa Kagongwa, kaajiriwa kwenye duka la vipuri vya mitambo kule Kahama, kaja kwangu macho yamemtoka.

"Shikamoo bibi. Nimeambiwa niingie kwenye kikao cha simu na watu wa Kanada. Wamenipa namba ya bure, naipiga haiendi, na meneja anasema mimi ndiye sijui kupiga."

Nikamwambia marahaba mjukuu wangu, kaa, unywe uji, umefika kwa mwenyewe.

Mimi Mama Kabula nimestaafu, lakini maisha yangu yote ya kazi nimeyamaliza sikio likiwa kwenye simu. Nilianzia kiwanda cha kuchambua pamba Shinyanga mjini, nikamalizia Geita, kwenye tawi la kampuni ya Waaustralia waliokuwa wanauza pampu za kuvuta maji kwenye mashimo ya dhahabu. Cheo changu kiliandikwa mapokezi. Kazi yenyewe ilikuwa kuhakikisha watu wanaongea na bajeti ya simu haitokwi roho.

Kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Namba ya bure ni bure kwa wenye nchi yao. Mtu wa Kanada akiipiga akiwa Kanada, sawa, mwenye kikao ndiye anayelipa. Wewe ukiipiga ukiwa Kahama, ama haiingii kabisa, unajibiwa na yule dada wa kwenye mtambo asiyejua kuchoka, ama inaingia na inakula salio kama simu nyingine yoyote ya ng'ambo, na wewe umekunja nne unadhani unapewa takrima. Waombe namba ya kawaida, ile inayoanza na jumlisha halafu namba za nchi yao. Wanayo. Huwa wanaiweka chini kabisa ya ujumbe kwa herufi za kusomwa na sisimizi. Ukishaipata, tafuta ile programu ya kupiga simu kwa intaneti, uone inakutoza nini. Nyingine zinaipiga hata hiyo namba ya bure bila kukutoza, ila ijaribu jana yake, usiijaribu watu wakiwa wameshakaa kikaoni. Wakikuambia ingiza namba ya siri halafu alama ya reli, ni ile yenye vijiti vinne vilivyopishana. Kuna fundi wetu mmoja aliambiwa abonyeze reli akaanza kuwauliza kama ni reli ya Isaka.

Haya yote nayasema leo kwa mbwembwe. Wakati yananikuta sikujua hata moja.

Aliyenifundisha simu ni Mama Doto, mama mmoja wa Kisukuma aliyekuwa akikalia swichibodi ya kile kiwanda cha pamba. Enzi hizo kuongea na Dar es Salaam ilikuwa safari, unaomba laini asubuhi, unaipata umeshasahau ulitaka kusema nini. Mama Doto alinisimamisha mbele ya ukuta na kuniambia niuambie ukuta shida yangu yote kwa pumzi moja. Nikikwama, ananifinya.

"Ng'wanawane," aliniambia, "mwanangu, simu ya mbali haitozi maneno, inatoza kimya. Ukijikuna umelipa."

Nikaona huyu mama ana ukatili wa bure. Nikafinywa mpaka nikajua kusema kila kitu kabla hewa haijaisha kifuani. Shikeni hapo, tutaparudia.

Basi, Geita. Meneja wetu alikuwa Bwana Luhende, tulimwita Baba Shija, mtu mpole, mcha Mungu, tai yake hailegei hata jua liwe kali vipi. Fundi mkuu alikuwa Mabula, mzaliwa wa Nkome, aliyejifunzia ufundi kwenye injini za mitumbwi ya dagaa, kwa hiyo hata akikunong'oneza unajihisi uko majini na upepo unavuma. Bosi wa huko juu kabisa, kule Perth, aliitwa Bwana Derek. Alikuja Geita mara moja tu, akala samaki, akaungua pua kwa jua, akaniachia namba yake ya mkononi akasema hii ni ya dharura tu.

Baada ya hapo ikaja amri kutoka Perth: kila Jumatatu saa nne asubuhi kwa saa zetu, matawi yote ya Afrika yaingie kwenye kikao cha simu, na namba ni ya bure. Tulifurahi jamani! Baba Shija alipiga mwenyewe. Haikuenda. Akapiga tena na sala fupi. Haikuenda. Tukawaandikia kwamba namba yenu haifanyi kazi. Wakajibu kwamba inafanya kazi vizuri sana, wao wamekaa kikaoni muda huu na wanatushangaa sisi hatupo.

Jumatatu nyingine tukajaribu kwa simu ya mkononi ya ofisi, vocha tumekwangua mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Ikaingia! Lakini kwanza ikapigwa muziki. Vinanda vile, wanangu, vya taratibu, vya watu walioshiba. Mabula akaanza kutikisa kichwa. Mimi nawaza maneno ya Mama Doto, kwamba hapa tunalipia kujikuna kwa Wazungu. Muziki ulipokatika, Bwana Derek akasema karibuni, na Baba Shija, mtoto wa Kisukuma aliyelelewa akalelewa, angewezaje kuanza na mambo ya mauzo kabla ya kusalimia? Akaanza na Derek: umeamkaje, familia, afya, mvua huko. Akahamia kwa wa Zambia: umeamkaje, familia, afya. Alipofika kwa mtu wa Ghana na kuuliza habari za mvua, salio likaisha. Tai haikulegea, ila jasho lilimtoka.

"Baba Shija," nikamwambia, "tungewasalimia wote kwa pamoja."

"Mama Kabula, watu wazima wanasalimiwaje kwa pamoja kama kuku?"

Ikawa ndiyo basi. Nilimsihi awaandikie Perth watupigie wao. Akakataa katakata. Kumwambia bosi akupigie, alisema, ni kumtangazia kwamba ofisi yake imefilisika.

Sasa mjue na hili. Biashara yetu yenyewe ilikwenda kwa kubipu, tena njia hiyo hatukuibuni sisi, waliibuni wachimbaji. Mchimbaji yuko kwenye duara, ndiyo wanavyoyaita yale mashimo yao, mikono ina tope, salio hana. Kwa hiyo tulipatana. Simu ikilia mara moja ikakata, pampu imefika na inavuta. Ikilia mara mbili, imegoma, tupangieni fundi. Ikilia mara tatu, maji yanapanda shimoni, njooni mnakimbia. Kila duara lilikuwa na jina lake kwenye simu ya ofisi, kuanzia la pale nyuma ya mji hadi la Masumbwe. Hakuna aliyepokea, hakuna aliyelipa, na pampu zilivuta usiku na mchana. Mimi nilijiona hodari wa kubana matumizi, nikingoja siku nipewe hata kitenge cha pongezi.

Badala ya kitenge ukaja ujumbe wa Perth. Wameangalia ankara za simu za matawi yote. Zambia wanapiga, Ghana wanapiga, Geita kimya. Tawi lisilowapigia wateja haliuzi kitu, limelala. Na kikaoni pia halionekani. Jumatatu inayokuja wataamua kama Geita ifungwe na wateja wake wahudumiwe kutoka Zambia.

Zambia! Mtu wa Masumbwe, maji yako kiunoni, amngoje fundi atoke Zambia?

Baba Shija alisoma ule ujumbe, akavua miwani akaifuta, na haikuwa na uchafu. Mabula alitukana kwa Kisukuma, sitawatafsiria. Mimi nilimfikiria Kabula wangu aliyekuwa chuo cha uuguzi, ada yake inatoka kwenye kiti kile kile nilichokalia. Kiti kikiondoka, na yeye anarudi nyumbani na sare yake. Niliogopa, wanangu.

Kwa hiyo tulijipanga. Intaneti ya ofisi, programu ya kupigia, nimeijaribu Ijumaa na ile namba ya bure, imeingia bila kututoza. Karafuu mdomoni kwa ajili ya sauti. Jumatatu saa nne kasorobo umeme ukakatika Geita nzima.

"Washa jenereta," Baba Shija akasema.

Mabula akaangalia dari. Plagi ya jenereta alikuwa ameing'oa Jumamosi, kamfungia mteja wa pampu, akasema ataweka nyingine Jumatatu. Jumatatu ndiyo hiyo.

Bila umeme hakuna intaneti. Simu ya ofisi ilikuwa na salio la makombo, la kupigia Australia halitoshi hata kwa kupiga chafya. Mtu wa vocha pale nje kafunga, yuko msibani. Saa nne ikagonga tunatazamana.

Mabula akasema, "Mbipu."

"Nani?"

"Derek. Si una namba yake? Mbipu."

Baba Shija akashika moyo. Maana kubipu kuna adabu yake, msifikiri ni uhuni tu. Unambipu mwenye nacho kuliko wewe, au mnayepatana. Mkweo humbipu. Unayetaka kumkopa humbipu. Na bosi? Yaya, hapana kwa Kisukuma, bosi ndiye anayekubipu wewe, na wewe unampigia mbio mbio kwa salio lako.

"Mama Kabula, ile namba ni ya dharura," Baba Shija akasema.

"Na hii siyo dharura, Baba Shija?"

Akageuka akaangalia dirishani. Nikajua nimeruhusiwa.

Nikampigia Derek. Sasa, adui mkubwa wa mbipaji ni mtu anayewahi kupokea. Yule bwana alikuwa kama ameilalia simu! Mlio wa kwanza haujamaliza, "Halo?" Na mkono wangu, mkono uliozoea, ukakata wenyewe. Mabula akapiga kelele, "Umekata ya nini?" Salio la ofisi likaishia hapo.

Nikachukua simu ya Baba Shija. Derek akapokea tena, ukali umepanda, "Halo! Nani?" Nikakata tena! Jamani mazoea. Baba Shija akakaa chini, salio lake nalo limekwisha.

Ikabaki simu ya Mabula, ile iliyofungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli. Nikaugeukia ukuta. Nikamwona Mama Doto pale pale ukutani, na vidole vyake vya kufinya. Nikavuta pumzi moja. Derek alipopokea, nikamwaga Kiingereza chote nilichonacho: "Mzee ni Mama Kabula wa Geita tafadhali tupigie sasa hivi namba hii hali ni mbaya sa..." Salio likakata maneno.

Tukaitazama ile simu juu ya meza. Halafu ikaita, namba ya ng'ambo imejaa kwenye kioo. Nikaweka spika.

"Mama Kabula!" Sauti ya Derek ilikuwa inatetemeka. "Kimetokea nini? Shimo limeporomoka? Nani ameumia?"

Jamani. Kumbe nimemtisha mtu wa watu.

"Hakuna aliyeumia, mzee," nikasema. "Tunahudhuria kikao."

Nilisikia anashusha pumzi, ndefu, kama mtu aliyetua gunia. Halafu nikasikia anavyoanza kukasirika, taratibu, kutoka chini. Akasema subirini. Akabonyeza anavyojua yeye huko, mara tukasikia Zambia anakohoa na Ghana anaburuta kiti. Ametuingiza kikaoni kutoka kwake! Kumbe mtambo wa kikao unaweza kumpigia mtu, muda wote huo. Hilo mlishike: mwenye kikao akitaka, yeye ndiye anayekupigia, na wewe hulipi kitu.

"Sasa mko hapa," Derek akasema, "na nimeshazeeka mwaka mzima leo. Niambieni. Kwa nini nisilifunge tawi la Geita? Hampigi simu. Hamwongei na mteja yeyote. Mnafanya nini huko siku nzima?"

Baba Shija akainyoosha tai. Nikaona midomo yake inatafuta salamu ya kuanzia. Na hapo, mezani, simu ya ofisi ikalia mara moja ikakata.

"Simu yenu inaita," Derek akasema. "Mbona hampokei?"

"Haipokelewi hiyo, mzee," nikasema. "Ni Masumbwe. Mlio mmoja maana yake pampu tuliyowapelekea imefika na inavuta maji."

"Mmejuaje? Hamjaongea naye."

"Ndiyo hivyo. Akiongea analipa."

Nikamsikia Derek anafunua kurasa. Sikujua kama ananielewa au anatafuta karatasi ya kutufungia. Nikaanza kumweleza, mmoja, miwili, mitatu, na sijafika mbali simu ikalia tena. Ikakata. Ikalia. Ikakata. Ikalia ya tatu. Lilikuwa duara la Mzee Ngasa, pale nyuma ya mji. Mabula hakuaga mtu. Alinyakua mkoba wa spana, akasahau kwamba simu yake ndiyo tunayofanyia kikao, akatoka. Pikipiki ikanguruma nje mpaka meza ikatikisika.

"Nini hicho?" Derek akauliza.

"Ndiye fundi wako, mzee. Shimo linajaa maji. Kashaondoka."

Ndipo yule wa Ghana akashindwa kujizuia. Alicheka mpaka akakohoa. "Bosi," akasema, "hata sisi tunafanya hivyo. Kwetu tunaita kuflashi. Hiyo ankara yetu kubwa unayoisifu ni ya hiki kikao chako. Namba yako ya bure inatumaliza." Na Zambia naye akasema kwa upole kwamba wao huwa wanaondoka kikaoni mapema si kwa sababu ya wateja, ni salio.

Katikati ya hayo simu ya ofisi ikalia mara mbili.

"Mbili," Derek akasema haraka. "Pampu imegoma. Nani?"

Nikatazama kioo, nikamgeukia Baba Shija. Baba Shija akanisogelea, akaangalia, akakohoa, na kwa mara ya kwanza tangu kikao kianze sauti yake ikatoka.

"Hapana, mzee. Huyo ni mke wa fundi. Ugali uko tayari."

Afrika nzima ikacheka. Australia nayo ikacheka, nilimsikia hata katibu wake. Lakini uamuzi bado, na mimi vidole vyangu bado vimekunjana chini ya meza. Kikao kikaendelea, maana vikao vyao vina kurasa, vipuri, usafirishaji, likizo. Geita hatukutajwa tena, na kila walipofungua ukurasa mpya nilikuwa najua ndio huo.

Mwisho kabisa, simu ya ofisi ikalia mara moja. Ikakata. Mzee Ngasa. Nikavuta pumzi niwaeleze, lakini nikawahiwa.

"Inavuta," akasema Derek.

Baba Shija alikuwa ameinamisha kichwa.

"Nilikuwa nafunga tawi kwa sababu liko kimya," Derek akasema. "Geita inabaki. Na kuanzia wiki ijayo mtambo utawapigia ninyi nyote. Mama Kabula, usinibipu tena."

Nililia, wanangu, sioni aibu kusema. Kabula alimaliza chuo. Leo ni muuguzi Shinyanga, na bando langu ananinunulia yeye. Mabula alirudi saa saba ametapakaa tope, hajui lolote, anauliza simu yake iko wapi na kama ugali umepoa. Na Jumatatu iliyofuata, saa nne kamili ilipopita kidogo bila mtambo kuita, nilimbipu Derek. Mtu lazima akumbushwe.

Ndiyo maana nimemwambia yule binti wa jirani awaandikie watu wa Kanada, bila aibu, kwamba nipigieni ninyi. Wamempigia. Meneja wake sasa anadhani wale wa Kanada ni ndugu za binti.

Na Derek? Kastaafu naye. Wiki iliyopita nimekaa hapa hapa nachambua choroko, simu ikalia mara moja ikakata. Naangalia, namba ya Australia. Nikasema amebonyeza kwa bahati mbaya. Ikalia tena mara moja, ikakata, ustadi mtupu, hata mimi nisingeipata vizuri vile.

Nikampigia kwa intaneti. Alipokea anacheka, sauti imezeeka. "Mama Kabula," akasema, "mimi sasa ni mstaafu tu. Mwenye mtoto anayefanya kazi ni wewe."

Unambipu mwenye nacho kuliko wewe, au mnayepatana. Mama Doto angenifinya nisingejali. Nikaweka choroko pembeni nikamsalimia yote: ameamkaje, mama watoto, wajukuu, miguu, mvua. Alipomaliza kujibu akaniuliza na yeye kama huku Kagongwa imenyesha, na Baba Shija je, na mke wa Mabula bado anapika. Sikumharakisha.